Mtawa wa Shaba Katika Stoo Yetu

Tororo, Jumatano 21 Septemba 1977

Msemaji wa nyumba hii anawatangazia wananchi wote, walio ndani na walio ng'ambo ya mpaka, kwamba kuku mweupe wa Mama Sulaiti, ambaye kutoweka kwake kulitia kaya nzima katika hali ya hatari, amepatikana akiwa hai. Alikuwa stoo, ameatamia mayai nyuma ya magunia, mgongo ameuegemeza kwenye sanamu ya Mjapani. Wananchi wanaombwa watulie na waendelee na kazi zao. Mshukiwa, yaani mimi, niliyeacha mlango wa ua wazi, nimeachiliwa kwa onyo.

Mvua imeanza. Kiberiti kimekwisha madukani tena, kwa hiyo alfajiri ninatumwa kwa jirani Teopista na kifuniko cha kopo kuomba kaa la moto. Mtu mzima, mwenye lori, mwenye kitambi, anakimbia kwenye matope akipulizia kaa lisizimike. Teopista hunisindikiza kwa kicheko mpaka mlangoni kwangu.

Ijumaa 23 Septemba

Mvua. Kuku hajaangua kitu. Nimekatazwa kuingia stoo yangu mwenyewe.

Jumapili 25 Septemba

Kwa kuwa nimekatazwa stoo, niandike kilichomo.

Bwana Hirose alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja hapa Tororo. Aliishi nyumba ya tatu kutoka kwetu na mkewe, mwanamke mdogo wa umbo aliyekuja jikoni kwa mke wangu Hajarah, huyu Mama Sulaiti, kujifunza kukunja sambusa na akaishia kuzikunja vizuri kumshinda mwalimu, jambo ambalo mwalimu hajalisahau. Walizaa binti hapa hapa, wakamwita Emi. Hajarah alimvalisha shanga kiunoni kama mtoto yeyote wa kwetu, ionekane anavyonenepa, na kila Ijumaa akilegeza uzi. Uzi ulilegezwa mara chache tu. Homa ikamchukua.

Baada ya hapo sanamu ikaja kutoka Japani ndani ya sanduku la maranda. Ni ya shaba nyeusi, kimo cha mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Mtawa mwenye kipara, uso kama wa mtoto aliyeshiba, amesimama juu ya ua, mkono mmoja ana jiwe la mviringo na mwingine fimbo yenye pete zinazolia akitikiswa. Anaitwa Jizo. Bwana Hirose alinieleza kwamba yeye hutembea na wasafiri, na hukaa na watoto waliokufa kabla ya wazazi wao, wasiogope. Mama Hirose alimfunga kitambaa chekundu shingoni kama bibu ya mtoto. Sanamu ilikuwa ya familia ya kwao tangu bibi wa bibi yake, nayo kwa uzee ilikuwa na rangi ya kijani cha giza, kama jani la mgomba likianza kunyauka.

Mwaka wa sabini na tatu wakaondoka kwa haraka, kama watu walivyokuwa wakiondoka. Uwanja wa ndege askari walikuwa wanachukua kila kinachong'aa na vingi visivyong'aa. Wakatuachia Jizo. "Amana," akasema Bwana Hirose. Neno hilo alikuwa amelijua. Mimi nikasema itakaa siku chache tu. Mimi ndiye niliyesema pia kwamba sukari itashuka bei.

Alhamisi 29 Septemba

Redio imerudia orodha ya dini zilizopigwa marufuku. Zinazoruhusiwa unazihesabu kwa mkono mmoja na kidole kinabaki. Japani haikutajwa kokote, na hilo ndilo baya: kisichotajwa hakiruhusiwi.

Jioni akaja Maalim Swaliki, ambaye ni shemeji yangu na kwa hiyo hana haja ya kupiga hodi.

"Muniru, nasikia nyumbani kwa dada yangu kuna sanamu."

"Umesikia wapi?"

"Wewe ndiye uliyeniambia, mwaka juzi, ukicheka."

Nikamsogezea kigoda.

"Sanamu ni haramu," akasema. "Amana ni wajibu. Sasa wewe umeketi katikati kama punda wa mpakani. Irudishe upesi kwa wenyewe, uondokewe na mambo mawili kwa mpigo."

"Nitairudishaje Japani, Maalim? Kwa lori?"

"Hilo si la fikihi," akasema, akaomba chai.

Jumatatu 3 Oktoba

Teopista ameingia stoo kumtazama kuku akatoka anajifuta machozi. Anasema Jizo ni Mtakatifu, ila hajajua yupi, na bila shaka ni Mkatoliki kwa jinsi alivyonyolewa. Amemwachia mshumaa. Mshumaa umeyeyukia gunia la mahindi.

Jumapili 9 Oktoba

Wesonga amekuja. Huyu ndiye anayebeba watu kwa baiskeli kutoka mpaka wa huku hadi mpaka wa kule Busia, boda mpaka boda, na kila abiria humwachia nauli na uvumi. Amekuja Tororo kwa baiskeli ile ile, amelowa kama mbuzi.

"Mulembe, mzee," akasalimu kwa lugha ya kwao. "Leta chai kwanza, habari yangu ndefu."

Habari yake ilikuwa fupi, chai ndiyo ilikuwa ndefu. Kisumu kuna Mjapani, Bwana Oda, rafiki wa Hirose. Anarudi kwao mwezi wa Novemba ukielekea mwisho. Mama Hirose ni mgonjwa, atapasuliwa, na anaomba jambo moja: Jizo awe chumbani kabla hajaingia kwa daktari. Bwana Oda atakuwa Busia upande wa Kenya, kwenye baraza la duka la vitambaa, Alhamisi ya tarehe kumi na saba. Baada ya hapo hayupo.

Hajarah alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini. "Basi anakwenda," akasema. Hakuniuliza. Mimi nilikuwa bado nafikiria vizuizi vilivyoko kati ya hapa na Busia, na wanaokaa kwenye vizuizi hivyo.

Jumatano 12 Oktoba

Mvua. Klachi ya lori imekufa.

Alhamisi 20 Oktoba

Mvua. Klachi imefufuka. Daraja la njia ya Busia limezama. Kuku aliangua juma lililopita, na vifaranga wanalala miguuni pa Jizo. Hajarah anasema hiyo ni kazi yake, kutunza watoto. Nimesema watoto wa kuku hawahusiki. Nimeambiwa nisiseme ninachojua kidogo.

Alhamisi 27 Oktoba

Kila mtu sasa ana shauri. Fundi wa kuyeyusha vyuma sokoni ameniuliza kwa upole kama ile "shaba yangu ya zamani" bado ipo, maana anatengeneza misumari. Teopista anataka Jizo aende kwa maandamano. Maalim anataka aende usiku, amefunikwa. Wesonga anataka amfunge mbele ya baiskeli yake, kwa kuwa ni mlinzi wa wasafiri, na yeye Wesonga breki zake hazishiki.

Mimi nina mpango mmoja tu, na ninauandika hapa kwa fahari: Jizo ni wa kijani, mchafu, wa kuchosha macho. Nitamweka kwenye kikapu pamoja na vyuma vibovu vya lori. Askari akitazama ataona chuma kibovu. Uzee wake ndio pasi yake. Mpango safi. Hauna kasoro.

Jumamosi 5 Novemba

Mpango una kasoro. Kasoro imevaa gomesi ya bluu, imeketi uani, na inaniangalia kama anayesubiri kusifiwa.

Nimerudi kutoka Mukuju na mzigo wa mihogo, nikasikia uani sauti ninayoijua tangu nioe: sauti ya sufuria inayosuguliwa kwa majivu. Nikapita jikoni. Sufuria zote zilikuwa mahali pake.

Alikuwa amemlaza Jizo mapajani kama anayemwogesha mtoto. Ndimu, majivu, mchanga laini wa mtoni na nyuzi za mgomba. Teopista alikuwa anamwaga maji. Na Jizo aling'aa. Aling'aa kichwa, aling'aa mashavu, aling'aa kila kikunjo cha kanzu yake. Jua la baada ya mvua lilimpiga nikalazimika kufumba macho.

"Umefanya nini?" nikasema.

"Nimemwosha."

"Mama Sulaiti! Ile rangi ilikuwa..."

"Ilikuwa kutu. Miaka yote amekaa kwangu, nimrudishe na kutu? Yule mama aseme Hajarah hana majivu?" Akamgeuza akamsugua nyuma ya sikio. "Chombo cha mtu unakirudisha safi. Hukufundishwa kwenu?"

"Huyu si chombo!"

"Ana uwazi ndani," akasema Hajarah, akamgeuza chini juu kunionyesha. Kweli. Shaba ilimiminwa ikaachwa na tumbo tupu, na chini kuna tundu la kupitisha ngumi ya mtoto. "Kitu chenye uwazi ni chombo."

Nikajaribu kumweleza. Nikasema hapa nchini sasa hivi kitu cha njano kinachong'aa kina jina moja tu, dhahabu, na askari atakayekiona hataulizia ua la chini wala fimbo yenye pete. Nikasema tutapigwa risasi kwa ajili ya ndimu. Teopista akachukua ndoo yake, akakumbuka ana maharage jikoni.

Hajarah akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nilimwosha mtoto wake pia. Siku ile. Mama yake hakuweza."

Nikaenda kushusha mihogo.

Jumatano 9 Novemba

Nimempaka Jizo masizi. Hajarah amemfuta.

Ijumaa 11 Novemba

Nimempaka oili chafu ya injini na vumbi la saruji, nikasimama kando kama mchoraji. Amefutwa kabla sijanawa mikono. Nimemwuliza Maalim kama mume ana haki yoyote katika jambo hili. Amesema vitabu vimelijadili kwa urefu na jibu ni hapana.

Jumatatu 14 Novemba

Mvua ya mawe. Nimekula kidogo, jambo lililozua hofu ukoo mzima. Daraja limefunguliwa. Nilikuwa natumaini halitafunguliwa.

Jumatano 16 Novemba

Kesho. Hajarah amesema anakuja. Nimesema hapana. Anakuja. Ameshona bibu mpya kwa kipande cha leso nyekundu, na tundu la chini ameliziba kwa kitambaa safi. Nimeuliza kwa nini ameliziba. "Mende wasiingie," akasema. Nikaona ni jibu la busara. Miaka thelathini na mwanamke huyu na bado naona majibu yake ni ya busara.

Alhamisi 17 Novemba

Tumerudi. Tuko hai. Nalala.

Jumamosi 19 Novemba

Mji una habari zaidi yangu. Wesonga anawaambia abiria wake kwamba nilisoma aya na bunduki ya sajini ikakataa. Teopista amesikia kwa mtu aliyesikia kwamba Mtakatifu alifumbua macho. Sokoni wanasema tuliuza dhahabu tukanunua magunia ya sukari, na wananitazama shati kuona kama limeongezeka bei. Leo mtu mmoja amenisalimia kwa kunipa mikono miwili. Nilimwacha aendelee kunishika mkono kwa muda.

Alhamisi 24 Novemba

Iddi imepita, nyama imeliwa, mvua imepungua. Niandike ilivyokuwa, maana kwa jinsi hadithi hii inavyonenepa, wiki ijayo nitakuwa nimeangusha jeshi zima.

Hakuna bunduki iliyokataa. Hakuna aya niliyosoma. Ningeulizwa Fatiha saa ile ningeanzia katikati.

Kizuizi cha mwisho kabla ya Busia kilikuwa cha Sajini Edeku, mtu mrefu, mpole wa sauti, na upole ule ndio uliokuwa unatisha. Alitushusha kwenye manyunyu.

"Wewe jina nani?"

"Lori," nikajibu.

Naapa. Nilisema lori. Hajarah akasema, "Anaitwa Muniru, afande. Ana baridi."

Askari mdogo akapekua kikapu, akatupa vyuma vyangu vibovu kimoja kimoja matopeni, mpaka akafika kwa Jizo. Hata chini ya wingu aling'aa. Akamwita sajini kwa neno moja la Kiteso ambalo sikuhitaji kutafsiriwa.

Sajini akamnyanyua, akampima uzito kwa mikono, akamtikisa. Pete zikalia. Na ndani ya Jizo, kitu kikachakacha.

Nilimgeukia mke wangu. Alikuwa anatazama mvua.

Sajini akachomoa kitambaa, akamwinamisha. Kwenye kiganja chake zikamwagika punje za kahawa.

Anayesoma haya siku za mbele, nchi ikiwa imetulia, huenda asielewe. Mwaka huu kahawa inayokwenda ng'ambo bila ruhusa ina thamani kuliko dhahabu, na anayekamatwa nayo mpakani mara nyingi hafiki kwa hakimu. Nikaegemea gurudumu. 

"Kahawa," akasema Sajini Edeku, taratibu. "Kahawa nakwenda Kenya ndani ya mungu."

"Afande, ni ya kutafuna," Hajarah akasema. "Imechemshwa na mchaichai, ikakaushwa. Ni ya kumpa mgeni mlangoni. Kahawa iliyopikwa nani atainunua? Hiyo ni konzi moja tu." Akachukua punje kiganjani mwa sajini, hivi hivi, kama anayechukua kwenye kisahani kwake, akatia mdomoni akatafuna. "Chombo cha mtu hakirudi kitupu, afande. Kwenu kinarudi kitupu?"

Yule akainua kiganja. Akanusa punje. Akatia moja mdomoni, akatafuna, akatema ganda. Nikajua kahawa imepita. Nikajua pia dhahabu haijapita, maana Jizo bado alikuwa kwapani mwake, na kwapa lilikuwa limeanza kumzoea.

"Sawa. Kahawa chukua. Hii nabaki hapa, sisi nachunguza."

Akamtikisa tena, kumaliza punje. Kikatoka kitu kingine, kikaning'inia kwenye vidole vyake. Uzi wa shanga ndogo, nyeupe na bluu. Duara lake lisingepita kichwani kwa paka.

"Hii nini?"

"Shanga za mtoto."

"Mtoto iko wapi?"

"Alikufa, afande. Hapo Tororo. Huyu uliyemshika ndiye anayekaa naye. Tunampeleka kwa mama yake."

Nimewahi kuona watu wakiangusha chungu cha moto. Sajini hakuangusha. Alisimama na zile shanga, mkono ameunyoosha mbali na mwili, hajui kuziweka wala kuzishika. Hakuna mtu wa pande hizi anayechukua kitu cha mtoto aliyekufa, awe na bunduki au asiwe nayo. Akazirudisha mwenyewe ndani, kwa ncha za vidole. Akaokota punje zilizoanguka, akazirudisha pia. Akakaza kitambaa. Akampa Hajarah, mikono miwili, kisha akaenda kunawa kwenye dimbwi.

Halafu akachukua tairi langu la akiba. Hilo wanaosimulia mjini hawalisemi, nami linaniuma mpaka sasa.

Lori tuliliacha upande wetu. Wesonga akampakia Hajarah na kikapu. Kwangu akasema baiskeli ina heshima zake, kitambi kitembee. Nikatembea.

Bwana Oda alikuwa barazani kwenye duka la vitambaa, kijana wa miwani, mwavuli mkononi. Kiswahili chake kilikuwa cha Kisumu, kimevunjika vizuri. Akapiga magoti kwenye saruji kumfunua Jizo. Akamtazama kwa muda mrefu sana.

"Amekuwa... mpya," akasema.

"Nimemwosha," akasema Hajarah.

Bwana Oda akavua miwani akaifuta. Nikamwuliza, ingawa nilijua. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba rangi ile ya zamani ndiyo ilikuwa umri wake. Kwamba kwao haisuguliwi. Kwamba shaba huchukua maisha ya watu wengi kuipata. Alisema kwa adabu, akijaribu Hajarah asisikie. Hajarah alisikia. Nilimwona mke wangu, ambaye hakutetemeka mbele ya bunduki, akishika mkono wa kikapu kwa nguvu.

Na mimi niliyekuwa na hasira ya majuma mawili kuhusu rangi ile ile, nikajikuta nataka kumpiga Mjapani wa watu kwa mwavuli wake.

Lakini alikuwa amekwisha kumgeuza, ameona kitambaa. Akachomoa. Punje zikamwagikia leso tuliyomfunikia, na shanga juu yake. Hajarah akamweleza, kwa maneno machache.

Kijana yule akagusa shanga kwa ncha ya kidole. Kisha akasema kwamba kwao, zamani, sanamu kama hizi watu walitia vitu ndani yake kabla ya kuzifunga: maandiko, nywele, vitu vya wapendwa. Huyu alikuwa mtupu siku zote. "Sasa amemaliza kutengenezwa," akasema. Akazirudisha shanga kwanza, halafu punje, zote, hata iliyovunjika. Akasema atamwambia Mama Hirose asimwogope akimwona anang'aa; ameogeshwa na mtu aliyemwogesha Emi.

Akasimama kuturudishia kikapu. Alikuwa amekwisha kunyoosha mkono, akasita, akakitazama ndani. Akajipapasa mifuko ya koti, wa kushoto, wa kulia, kama mtu aliyepoteza tiketi. Akatoa sanduku la kiberiti, jipya, akaliweka ndani ya kikapu katikati kabisa, ndipo akakitoa kwa kuinama.

"Kikapu tupu, vibaya," akasema. "Mama yangu alifundisha."

Tukarudi hadi kwenye lori. Pale Hajarah akasema, "Umeona? Nao wana mama zao," akatia kiberiti kifuani kisilowe.

Hiyo ndiyo kweli yote. Kiberiti kiko kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni, kimejaa, hakijaguswa njiti. Na leo alfajiri, kwenye manyunyu, nimetumwa tena kwa Teopista na kifuniko cha kopo.